Shomoro na Tai: Je, Wanaopendwa ni Wenye Kucha Tu?

Somo la ushirika wa nyumbani. Soma kwanza: Mathayo 10:24–31, Isaya 40:27–31, Zaburi 84:1–4, Walawi 14:1–7.



Ukiingia makanisa yetu mengi ya Kipentekoste, kuanzia hapa Kiboko mpaka Makindu na Kibwezi, utamkuta tai. Yuko kwenye bango la mkutano, yuko kwenye kalenda, yuko kwenye fulana za vijana. Mhubiri anapaza sauti, “Wewe ni tai, wewe si kuku!” na sisi tunaitikia amina hadi mabati yanatetemeka. Hakuna ubaya. Tai yumo kwenye Biblia, na wala hatujamtia sisi.

Lakini mama mmoja wa ushirika aliuliza swali juzi ambalo halikupata jibu pale pale. Aliuliza hivi: “Na kama mimi si tai, je? Ng'ombe waliisha wakati wa kile kiangazi kirefu, mzee ni mgonjwa, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kila Jumapili naambiwa nipae. Mimi najiona kama kale kandege kanakokaa pale juu ya mabati. Neno langu liko wapi?”

Hilo si swali dogo. Kumbuka kwamba kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya, na huku Ukambani hakuna haja ya kuelezana kiangazi ni nini. Mtu aliyepita hapo akija kanisani, akisikia habari za wenye mabawa makubwa peke yao, anaweza kurudi nyumbani akidhani kwamba Mungu naye ana upendeleo. Kwa hiyo juma hili tumweke tai upande mmoja na shomoro upande mwingine, tuwaangalie vizuri, kwa Neno na pia kwa macho yetu wenyewe, maana ndege wenyewe hatuhitaji kuwatafuta mbali.

Kwanza tuondoe uongo

Kabla ya kwenda mbele kuna hadithi moja lazima tuiweke chini. Umeisikia mara nyingi. Ati tai huishi miaka 70. Ati akifika 40, kucha zinalegea, mdomo unapinda, manyoya yanakuwa mazito. Basi anapanda mlimani, anagonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, anangoja uote mwingine, ndipo ang'oe kucha, kisha manyoya, na baada ya miezi mitano anashuka akiwa kijana.

Wapendwa, si kweli. Hakuna tai wa porini anayejulikana kuishi miaka 70. Na tai aliyevunjika mdomo hawezi kurarua nyama; miezi mitano hamalizi, atakufa kwa njaa. Hadithi hiyo haimo katika Biblia na haimo porini. Imezunguka kwenye simu zetu tu, na sisi watumishi tumeihubiri kwa sababu ni tamu. Sasa mtoto wako akiisikia madhabahuni, halafu mwalimu wa sayansi amwambie ni uongo, kesho atauliza: na ile ya kaburi kuwa tupu, je?

Ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hadithi. Mdomo wa tai hukua siku zote, kama ukucha wako, na yeye huusugua na kuuchonga anapokula na anapoupangusa kwenye tawi. Manyoya yake nayo hubadilika, lakini si kwa mpigo mmoja. Linaanguka unyoya hapa, unaota mwingine. Baadaye linafuata lingine, upande huu na upande ule, ili katika muda wote huo aendelee kuruka na kuwinda. Ukimtazama tai akipita juu, mara nyingine utaona pengo kwenye bawa. Hajaumia. Anafanywa upya. Zaburi 103:5 inapotaja ujana unaorudishwa kama wa tai, hilo ndilo jambo ambalo mtunga zaburi aliweza kuliona kwa macho yake. Kuna mtu hapa anangoja Mungu ambadilishe kwa usiku mmoja, na kumbe Bwana amekwisha kuanza, unyoya mmoja mmoja.

Tai alivyo kweli

Tai mkubwa kuliko wote tunaoweza kumwona huku kwetu, kuelekea Tsavo na vilima vya Chyulu, ni yule mwenye mgongo wa kahawia iliyoiva na tumbo jeupe lenye madoadoa. Uzito wake ni kati ya kilo 3 na 6, na mabawa yakinyooshwa yanafika karibu mita mbili. Anabeba kanga, anabeba sungura, hata digidigi anamwangusha. Macho yake yametazama mbele, na uwezo wake wa kuona kitu cha mbali unashinda wa mwanadamu kwa mbali sana.

Sasa angalia jambo ambalo mabango hayaonyeshi. Ndege huyu mwenye nguvu zote hizo asubuhi hafanyi kitu. Amekaa kwenye mti. Shomoro wameshaamka, wameshapiga kelele, wameshakula, yeye bado ametulia. Sababu ni kwamba mwili mzito hivyo ukirushwa kwa kupiga mabawa tu utachoka upesi. Anangoja jua lipashe ardhi joto, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo anajiachilia juu yake na kuzunguka, akipanda bila kupiga bawa karibu hata moja. Wale mnaoendesha malori barabara ya Mombasa mmewaona kati ya Emali na hapa, saa tatu saa nne hivi, wakizunguka juu polepole.

Kwa hiyo soma tena Isaya 40 kuanzia mstari wa 27, si wa 31 peke yake. Nabii anasema na watu waliochoka, waliokuwa wakinung'unika kwamba Mungu hajui njia yao. Anawaambia hata vijana huzimia. Halafu anawataja wanaomngoja BWANA kwamba hao hupewa nguvu upya na kupaa mfano wa tai. Mahubiri yetu yanakimbilia kupaa. Nabii ametanguliza kungoja. Tai hapandi kwa nguvu za kifua chake. Hewa ndiyo inampandisha. Ukimpa mtu aliyechoka amri ya kupiga mabawa zaidi, hukumhubiria Isaya 40, umemwongezea mzigo.

Na tena, neno la Kiebrania tunalolitafsiri tai, nesher, halimhusu tai mwindaji peke yake. Linamhusu pia yule ndege mkubwa mla mizoga. Mika 1:16 anataja upara wa nesher, na tai mwindaji hana upara; mwenye upara ni tumbusi. Kiswahili chetu nacho hufanya vivyo hivyo, kwa sababu watu wengi humwita tumbusi tai. Bwana mwenyewe katika Mathayo 24:28 amewataja hao ndege pamoja na mzoga. Silemi kumdharau tai. Nasema tu kwamba Biblia imemtumia kwa mambo mengi, mengine ya utukufu, kama Kutoka 19:4 ambapo Mungu anasema amewabeba watu wake juu ya mabawa ya tai, na mengine ya hukumu, kama Kumbukumbu la Torati 28:49, ambapo taifa katili linakuja mfano wa tai arukavyo. Kuwa tai si sawa na kuwa mtakatifu. Mwenye kucha anaweza pia kuwa ndiye anayerarua.

Shomoro na bei yake

Haya, sasa shomoro. Mweke kwenye mizani: gramu 25, au 30 akiwa ameshiba. Kumlinganisha na tai wa kilo nne utahitaji shomoro zaidi ya mia. Anajenga popote: kwenye mabati, kwenye tundu la ukuta, kwenye nguzo ya stima, hata hapa kanisani juu ya spika.

Na Bwana Yesu, alipotaka kuzungumza juu ya thamani ya mtu, alikwenda sokoni akamchukua huyu. Fanya hesabu pamoja nami. Mathayo 10:29 inasema shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu ndogo moja. Sarafu hiyo ilikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya dinari, na dinari moja ndiyo iliyokuwa mshahara wa kibarua kwa siku, kama Mathayo 20:2 inavyoonyesha. Tuseme kibarua analipwa shilingi 480; nimechagua hesabu iliyo rahisi kugawanya. Sarafu hiyo ni shilingi 30. Kwa hiyo shomoro wawili, 30. Kila mmoja, 15. Nyama ya maskini hiyo.

Sasa fungua Luka 12:6. Hapo ni shomoro watano kwa sarafu mbili, yaani watano kwa shilingi 60. Subiri. Wawili ni 30, wanne ni 60. Huyu wa tano ametoka wapi? Ameongezwa. Ni kama mama wa sokoni pale Makindu akikupimia nyanya, halafu anatupia moja juu ili urudi kesho. Shomoro wa tano hana bei kabisa. Na Bwana anasema hata mmoja wa hao hakusahauliwa mbele za Mungu. Hata mmoja, pamoja na yule wa kuongezewa. Mama aliyeuliza swali, neno lako lilikuwa hapo, na alilisema Bwana mwenyewe.

Lakini tusipite haraka, maana kuna jambo gumu. Andiko halisemi shomoro haanguki. Linasema haanguki pasipo Baba. Maana yake anaanguka. Wanafunzi walioambiwa maneno hayo walikuwa wanatumwa kama kondoo kati ya mbwa mwitu, wakaambiwa wazi kwamba watapigwa na kupelekwa mbele ya watawala, na wengine wao waliuawa. Bwana hakuwaambia, “Nanyi mtakuwa tai, hakuna atakayewagusa.” Aliwaambia wasiogope, akawapa shomoro kuwa mfano. Kama umeomba kwa ajili ya mgonjwa wako naye akafa, mtu asikuambie ni kwa sababu imani yako ilikuwa ya kindege kidogo. Baba alikuwepo alipoanguka. Hili ni neno zito kulibeba, lakini si neno la kumwaibisha aliyefiwa.

Jinsi ndege wadogo wanavyokabiliana na mwewe

Sasa tutoke nje kidogo. Kiboko yetu tunaijua kwa joto, vumbi, na kituo cha KALRO kinachojaribu mahindi na mtama wa kustahimili ukame. Lakini kuna mto na chemchemi zinazolishwa na maji yanayopita chini kwa chini kutoka Chyulu, na migunga mikubwa ya manjano kandokando yake, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuangalia ndege pale pale unapopita ukienda kuchota maji. Zaburi 104:10–12 inataja mpango huo huo: chemchemi bondeni, na ndege wakiimba katikati ya matawi.

Kuimba ni kazi ya wadogo. Ndani ya kifua chao, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafuni, wana chombo cha sauti chenye misuli mingi midogo, na wengi wao hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa wao. Tai wengi hawana wimbo. Sauti yao ni nyembamba kuliko unavyotazamia kwa mwili ule. Ukiacha yule tai wa mtoni mwenye kichwa cheupe, ambaye akilia hata ziwa linasikia. Basi kama wewe huna kucha lakini umepewa wimbo, usiombe kucha.

Ndege wadogo wana namna mbili za kutoa onyo, na ukikaa kimya chini ya mti utazisikia. Kipanga akipita hewani kwa kasi, anayemwona kwanza hutoa mluzi mwembamba wa juu sana, mfupi, na sauti ya namna hiyo ni vigumu kujua inatoka wapi. Wote wananyamaza na kujificha. Mwenye kuonya hajajitangaza. Lakini kipanga akiwa ametua, au bundi amekaa mchana mtini, onyo ni lingine: kelele kali, za kukatakata, zinazosikika wazi zinatoka wapi. Maana yake, njooni. Wanakuja wa kila aina, shore, chozi, kwera, hata waliokuwa wakigombana asubuhi, wanamzunguka adui na kumpigia kelele mpaka anaona aibu anaondoka. Amekwisha kuonekana, na uwindaji wake ni wa kuvizia.

Naye mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, ana gramu 50 hivi, lakini utamwona akimfukuza tai angani, akimshukia mgongoni. Tai hageuki kupigana. Hawezi kujipinda haraka kama mlamba, na mlo wa gramu 50 haulipi taabu hiyo. Mdogo anamshinda mkubwa kwa sababu ya udogo wake, si kwa kujifanya mkubwa. Daudi naye aliyavua mavazi ya vita ya Sauli.

Sasa sisi kanisani tuna tatizo, na nitalisema. Tunachanganya maonyo haya mawili. Ndugu akiwa katika jaribu linalopita, la kumsitiri kimya kimya, tunalipigia kelele kwenye kundi la WhatsApp. Halafu adui ametua kabisa, ameketi katikati ya boma, mume anampiga mke, kijana amezama kwenye pombe ya sumu, hapo ndipo tunapiga mluzi mwembamba na kujificha kwenye majani. Kila mmoja anajua, hakuna anayeita wenzake. Wazee wa kanisa na mama wa maombi, hili mlizungumze kwa uwazi.

Nyumba ya mmoja, mpangaji ni mwingine

Kuna ndege mwingine ambaye kila mtu wa hapa amemwona hata kama hajui jina lake: kwera mkubwa, kichwa cheupe, mabawa meusi, na akiruka kiuno chake ni chekundu kama kaa la moto. Ndiye mwenye yale mafurushi ya vijiti vya miiba yanayoning'inia kwenye migunga, kama mtu ametupa kuni juu ya mti. Kiota hakipendezi, lakini nyoka akijaribu kupita kwenye miiba ile atajuta.

Na sasa, kuna kozi mmoja mdogo, ndiye mdogo kuliko ndege wote wawindao wa Afrika. Urefu wake ni sentimita 20 tu, rangi ya kijivu na nyeupe, jike akiwa na mgongo wa kahawia nyekundu. Uzito wake ni gramu 60 hivi, na huyo kwera analingana naye au hata kumzidi. Kozi huyu ana mdomo wa ndoano na kucha kama jamaa zake wote. Anakamata panzi, mijusi, na mara moja moja ndege mdogo. Lakini hajui kujenga. Mdomo wa kurarua hauwezi kufuma. Basi huku kwetu Afrika Mashariki anaingia kwenye viota vya yule kwera, anataga humo, analala humo. Mwindaji amelala katika nyumba ya mwimbaji.

Sitalazimisha fumbo hapa. Nimelitaja kwa sababu tunapenda kuwagawa watu kuwa wenye upako mkubwa na watu wa kawaida, kana kwamba wakubwa hawategemei mtu. Muulize mhubiri yeyote wa mikutano mikubwa ni nani aliyempikia, ni nani aliyefagia, ni nani aliyefunga hema usiku ule wa upepo.

Aliyeletwa madhabahuni

Fungua sasa Walawi 11:13 na kuendelea. Orodha ya ndege walio najisi inaanza na nani? Tai. Halafu wanafuata mwewe na wenzao. Kwa hiyo katika sheria yote ya Musa hakuna siku tai aliletwa kwenye hema ya kukutania kuwa sadaka. Waliokubaliwa walikuwa hua na makinda ya njiwa, na hao walikuwa sadaka ya maskini asiyeweza mwana-kondoo. Mariamu na Yusufu walileta ndege kama hao Luka 2:24. Bwana wetu alizaliwa katika nyumba iliyotoa ndege.

Kisha Walawi 14. Mwenye ukoma amepona, na kuhani anatoka nje ya kambi kumwendea. Anaagiza ndege wawili, hai, walio safi. Neno la Kiebrania ni tsippor, lile lile ambalo katika Zaburi 84:3 limetafsiriwa shomoro. Mmoja anachinjwa juu ya chombo cha udongo, chenye maji ya mtoni. Wa pili anachovywa, akiwa hai, katika damu ya mwenzake. Mwenye ukoma ananyunyiziwa mara saba, anatangazwa kuwa safi. Halafu yule ndege aliye hai anaachiliwa, anaruka aende zake kondeni, akiwa na damu ya mwingine kwenye manyoya yake.

Soma polepole. Hakuna mahali palipofundisha msalaba kwa vitu vidogo hivyo. Na aliyechukuliwa si tai. Bwana mwenyewe alipoulilia Yerusalemu, Mathayo 23:37, angeweza kujilinganisha na tai wa Kutoka 19, maana ni yeye yule. Akajilinganisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mbawa. Ndiyo, kuku, yule tunayemtukana kwenye mahubiri. Kila mama wa hapa amemwona kuku wakati mwewe anashuka: hana silaha ya maana, hawezi kuruka, lakini anafungua mabawa na kusema kwa mwili wake, ukitaka hawa, anza na mimi.

Na shomoro wa Zaburi 84 amepata wapi nyumba? Penye madhabahu ya BWANA. Pale palipokuwa na moto, makuhani na walinzi, hakuna aliyemfukuza. Basi wahudumu wanaosafisha kanisa Jumamosi, kiota kilicho juu ya spika kiacheni mpaka makinda yaondoke. Waya tutazifunika.

Jambo la shambani

Tumalize na jambo la nje ya kanisa, kwa kuwa Neno lilifika huko kabla yetu. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 ni sheria ya kiota: ukikuta tsippor na makinda njiani, usimchukue mama pamoja na watoto. Na ahadi iliyofungwa hapo, ya kupata heri na siku nyingi, inafanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama.

Najua kuna wanaosema, mhubiri, wewe huna shamba la mtama. Kwelea kwelea wakishuka ni hasara kweli. Ndege wa gramu 20 hivi, lakini wanakuja kwa maelfu kwa maelfu, na duniani wanakadiriwa kuzidi bilioni moja, hakuna ndege wa porini anayewafikia kwa wingi. Serikali hunyunyizia dawa kwenye malalo yao. Dawa hiyo ni sumu ya wadudu, nayo haichagui. Kipanga na tai wanaokuja kuokota kwelea wanaokufa wanakufa nao. Kwa hiyo usiokote kwelea mahali palipopulizwa, ukapeleka jikoni. Mkanye na mtoto. Na ukipoteza mbuzi kwa fisi, usitie sumu kwenye mzoga. Fisi mmoja atakula, lakini tumbusi thelathini nao watalala pale pale, na safari ijayo mzoga ukioza karibu na kisima hakutakuwa na wa kuusafisha.

Utafiti wa ndege wawindao wa Kenya uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na za miaka ya karibuni. Aina 22 zilichunguzwa, na 19 kati yake zimepungua. Tai yule mkubwa wa madoadoa hutaga yai moja tu, na kinda lake humtegemea kwa miezi mingi, kiasi kwamba mara nyingi hutaga mwaka huu na kuruka mwaka ujao. Shomoro akipoteza makinda manne, baada ya wiki chache ana mengine. Tai akipoteza moja, ni karibu miaka miwili imekwenda. Kwa hili ndiye dhaifu kuliko shomoro, naye yule tuliyemchora kwenye fulana anahitaji kulindwa na watu wa shamba.

Nagaland huko India, nchi yenye makanisa mengi ya Kibaptisti, mwaka 2012 iligunduliwa kwamba wanavijiji walikuwa wakiwanasa makozi kwa maelfu ya nyavu. Hawa ni makozi wadogo wanaotoka Siberia na China, wanaovuka bahari na kupita juu ya Kenya kila Novemba na Desemba, wakati kumbikumbi wanatoka, wakielekea kusini. Ayubu 39:26 inamwuliza mtu kama ni kwa akili zake mwewe hunyoosha mabawa kuelekea kusini. Wachungaji wa Nagaland walisimama pamoja na wazee wa vijiji, na mwaka uliofuata nyavu hazikutandazwa. Mvua za Novemba zikija, tazama juu. Wale wanaopita hapa walipita kwao kwanza.

Jumatano, viongozi wa ushirika msisome somo hili lote. Someni Walawi 14:1–7 na Luka 12:6–7, kisha mpeni nafasi ya kusema yule ambaye huwa hasemi. Nyumba iliyofiwa mwezi huu itembelewe kabla ya hapo, na unga upelekwe.